Mali ya Kale kwenye Ploti ya Mama Gathoni

Tulimzika Mama Gathoni siku ya Ijumaa, na Jumapili tukakutana kwa binti yake Gathoni kule Umoja, kwenye ile nyumba iliyoongezwa vyumba mbele na nyuma mpaka jua likakosa pa kuingilia. Kwa sababu ya magoti yangu nilipewa kiti kizuri karibu na dirisha, na sahani ya pilau mapajani, nikawa nawasikiliza vijana waliokaa nje kwenye ngazi. Kamau, mjukuu wa marehemu, alikuwa akiwasimulia wenzake habari za nyanya yake. "Maze, cucu aliokota dhahabu Kayole, hapo kwa ploti," alisema. "Akanyamaza tu hivi. Kwani mnadhani zile keja zilijengwa na matumbo?" Mwenzake akamjibu, "Zi, mi niliskia serikali ndio ilibeba hiyo dhahabu, cucu akaachiwa shimo." Wakacheka kile kicheko cha watu walioshiba na ambao wamelia vya kutosha. Nikainamisha kichwa dirishani nikauliza ni nani aliyewaambia kulikuwa na dhahabu. Kamau akashtuka. "Shosho Rosa, kumbe uko hapo. Si kila mtu anajua hiyo stori." Nikamwambia mimi nilikuwepo siku mtaro wa msingi wa nyumba ulipochimbwa, na haikutoka dhahabu hata ya kuzibia jino. "Basi tuambie," akasema, na akahamisha stuli yake karibu na dirisha. Lakini mzee wa kanisa akasimama kuomba, na maombi ya mzee yule hayana haraka, na alipomaliza chai ikaja, na chai ilipoisha watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Kwa hiyo naandika hapa kama nilivyoona. Majina ni yale yale ya wenyewe, maana shule sikusoma nyingi, lakini jina la mtu likiingia kichwani mwangu halitoki.

Kayole ya mwaka ule haikuwa ya maghorofa. Zilikuwa ploti zilizopimwa kwa vigingi, nyingi zikiwa na vyumba vya mabati tu, na mahali ambapo mwenyewe hajafika watu walipanda mahindi na sukuma wiki. Udongo ni ule mweusi: ukinyeshewa unang'ang'ania mguu mpaka unavuka barabara bila kiatu, na ukikauka unapasuka nyufa za kumeza kijiko. Mimi na mume wangu Barasa tulikuwa tumeoana karibuni, na tulipanga kwa Mama Gathoni chumba cha mwisho upande wa kushoto. Kilikuwa na kitanda, pazia la maua, jiko la mafuta juu ya kreti, na dirisha ambalo kioo chake kilikuwa kipande cha boksi. Ukuta wa mabati hauna siri. Veronika Muthoni, fundi wa nguo, alikuwa upande wa pili wa ukuta wetu, na akipiga chafya Barasa alikuwa anamwombea heri akiwa amelala. Ng'ambo ya uwanja walikaa Mzee Absalomu Otieno na mkewe Dorka, na wale ndugu wawili wauza sabuni, Musyoka na Mutiso. Msomaji hana haja ya kuwashika wote. Mimi ndiye nisiyeweza kuwaacha nje. Mchana wanaume wakienda kazini, uwanja ulikuwa wetu wanawake. Nilikuwa nimeweka mafiga matatu na benchi kando ya lango, nikipikia mafundi wa mjengo chakula cha mchana: githeri ya mahindi na maharagwe, chapati, na mboga za kienyeji nilizounga kwa njugu kama tunavyofanya kwetu magharibi. Harufu ya njugu zikikaangwa ndiyo iliyowafundisha watu wa mtaa ule jina langu.

Mama Gathoni mwenyewe alikuwa na kibanda Soko la Burma, cha matumbo na vichwa vya mbuzi. Alikuwa mjane, mnene wa mikono, na sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja kupita kelele za mashoka. Alirudi jioni na mfuko wa nailoni wenye mabaki, akanitupia: "Wee Rosa, tia hii kwa maji kabla haijaanza kuongea." Tulikula matumbo mwaka ule mpaka Barasa akasema ataanza kucheua kama ng'ombe. Lakini mwanamke yule mwenye kelele, gari la serikali likipita barabarani, alinyamaza katikati ya neno mpaka lipite. Kabla ya Kayole alikuwa ameishi mtaa wa mabanda uliobomolewa, na ploti hii alipewa baadaye pamoja na kikaratasi chenye nambari. Hati ya ardhi hakuwa nayo, waliambiwa itakuja. Alichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, nyumba ya mawe ambayo hakuna mtu angeweza kuisukuma kwa bega. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka, na mwaka huo aliamua kuanza kujenga nyuma ya ploti, penye uwazi, ili sisi tuendelee kukaa kwenye mabati mpaka vyumba vipya vikauke.

Aliyeitwa kuchimba msingi ni Shikuku, mtu wa kwetu, mrefu, mwenye majivuno ya kazi yake. Udongo mweusi haujengewi juu. Lazima uuondoe wote mpaka ufike kwenye mwamba. Shikuku alichimba kwa kamba na macho, na kingo za mtaro wake zilisimama kama zimekatwa kwa kisu cha mkate. Asubuhi moja, nikiwa nakanda unga, nikasikia sururu ikigonga kitu kwa sauti ambayo haikuwa ya mwamba. Shikuku akaiweka chini, akaanza kuchimbua kwa vidole. Akaita, "Bibi ya Barasa, njoo uone. Kuna mtu amesahau kinu chake hapa." Tukaja, mimi na Dorka na Veronika, tukachungulia. Lilikuwa bakuli la jiwe la kijivu, zito, ukubwa wa sufuria ya familia, limechongwa ukuta mnene kuzunguka. Na lilikuwa limefunikwa, mdomo chini. Mwanamke yeyote anajua sufuria hufunikwa hivyo lini: ni pale unapomaliza kuosha, ukaiacha ikauke, kwa sababu baadaye utaihitaji. Dorka ndiye aliyesema, kwa upole kabisa, "Huyu alikuwa anarudi."

Jioni ugomvi ukaanza. Mama Gathoni aliweka mfuko wake chini, akalitazama bakuli, akasema liingizwe chumbani kwake. Shikuku akakaa juu ya ukingo wa mtaro kama mtu asiye na pa kwenda. "Mama, kwa kazi yetu sisi wachimbaji, kitu cha ndani ya shimo ni cha mwenye sururu," alisema. "Nimechimba vyoo kutoka Dandora mpaka Embakasi. Saa, vijiko, pete, hata meno ya mtu. Vyote ni vyangu." Mama Gathoni akauliza meno ya mtu aliyapeleka wapi. "Niliyarudisha chini. Lakini yalikuwa yangu." "Sikiza, Shikuku. Hii ploti ni yangu kutoka juu kwa ndege mpaka chini kwa maji. Hata huo mnyoo unaoukata na jembe ni mnyoo wangu." Shikuku akacheka, kisha akasema neno ambalo nadhani hakulipima: "Na hati iko wapi, mama?" Uwanja ukapoa. Mama Gathoni akaokota mfuko wake. Ni Mzee Absalomu aliyewaamua: bakuli likae kwangu mimi, kwa kuwa sikuwa na upande, mpaka wakubaliane. Likaletwa kando ya mafiga yangu kama mtoto wa watu wawili wanaoachana.

Sasa mimi sikujua kuishi na chombo ambacho hakifanyi kazi. Nililisugua kwa majani na majivu, nikatafuta jiwe la mviringo lililoenea mkononi, nikaanza kusagia njugu. Ndani kulikuwa kumelainika kama kiganja. Kulikuwa na mahali ambapo jiwe lilitaka kwenda lenyewe, na mkono ukifuata haukuchoka. Mafundi wakasema mboga zimebadilika. Pengine zilikuwa zilezile, wao ndio walipenda kula kitu chenye stori. Hata leo nikisaga kwa mashine ya umeme aliyoninunulia binti yangu Nekesa, inayonguruma na kumaliza kabla sijavuta pumzi, naona kuna kitu nimenyimwa, ule muda wa kufikiri ambao kusaga kwa mkono kunakupa. Nilifikiri sana mwaka ule. Nilimfikiri mwanamke wa bakuli, kama alikuwa na mama mkwe, kama naye alipikia watu waliochelewa kulipa. Sikumwogopa hata mara moja. Nilimwona kama mpangaji mwenzetu aliyekaa hapo kabla yetu na ambaye tulirithi chumba chake.

Maneno hayakai Burma. Mama Gathoni alisimulia kibandani, mkata nyama akasimulia kwa mteja, na baada ya wiki chache akaja mtu aliyejiita Bwana Reuben, mwenye viatu vilivyochongoka na duka mjini la kuuzia watalii vinyago. Alikaa kwenye benchi langu, akala mboga na chapati mbili kwa adabu, na macho hayakutoka kwenye bakuli. Mama Gathoni aliporudi alimkuta anamsubiri. Mgeni akataja bei. Sitaiandika, kwa sababu wajukuu watashika hiyo na kuacha mengine. Niseme tu ilitosha kuezeka nyumba yote, na Shikuku, aliyekuwa akisikiliza huku amejifanya anakunja kamba, alisema yeye akipata nusu hana neno. Kisha Bwana Reuben akamsogelea. "Lakini mama, iwe kati yetu. Serikali ikisikia kuna kitu cha kale hapa, wanakuja na waya wanazungushia ploti. Wewe utaonyeshwa mlango. Na hivi hati huna, si ndiyo?" Mama Gathoni alimwambia arudi kesho.

Nilimuuliza Barasa tulipokuwa tunakula. Kiwandani kwao kulikuwa na redio, na alikuwa amesikia kipindi cha watu wa makumbusho. "Walisema kitu cha kale kikitoka ardhini ni cha serikali, hata kama ardhi ni ya mtu," alisema. "Ukikiona upeleke habari haraka. Ukiuza, ni korti." Nikamuuliza na ploti je. "Ploti hawakusema. Au walisema, lakini mashine ya kusuka ilikuwa imewashwa." Upande wa pili wa ukuta Veronika akasema, "Iulize hiyo redio tena kesho, Barasa." Kutojua huko ndiko kulikuwa shida yetu yote. Kuuza tulijua ni kosa. Kutoa habari hatukujua kutaleta nini, na Mama Gathoni alikuwa amewahi kuona nyumba ikiangushwa na watu waliokuja na habari nzuri mdomoni.

Kesho yake Bwana Reuben alikuja mapema, na Mama Gathoni hakuwa ameenda sokoni. Alikuwa amekaa kwenye benchi langu, leso kichwani, mikono imelala magotini. Nadhani alikuwa amekwisha kukubali. Hata chai alikuwa ameniambia nimpikie mgeni. Bwana Reuben akainama kuligusa bakuli, akaliinua kidogo kupima uzito, akasema kwa furaha, "Na usiwe na wasiwasi, mama. Hiki hakina mwenyewe. Mwenyewe alishaenda zamani." Mama Gathoni akamwangalia. "Umesema nini?" "Nasema hakina mwenyewe." Mama Gathoni akaongea, na ile sauti yake ya Burma haikuwepo. "Siku waliyobomoa kwetu nilikuwa sokoni. Nikarudi, nikakuta mwanamume amebeba jiko langu. Nikamwambia, hilo ni langu. Akaniambia, wachana nalo, wenyewe walishaenda. Mimi nimesimama mbele yake, na ananiambia nimeenda." Bwana Reuben akasema kwa upole kwamba huyu wa bakuli ni tofauti, huyu amekufa. "Ndiyo," Mama Gathoni akasema. "Na mimi nitakufa. Jiko litabaki langu." Akasimama, akamwambia anywe chai amalize, kisha aende salama. Shikuku alitupa kamba chini. "Mama, umefukuza mabati yetu." "Mabati nitanunua," akasema. "Rosa, vaa viatu. Tunaenda kwa chifu."

Njiani alitembea haraka mpaka nikawa nakimbia kidogo. Tulipopita Spine Road akaniuliza, "Wakichukua ploti utaenda wapi, msichana wangu?" Nikamwambia tutatafuta chumba Umoja. "Umoja ni ya watu wa mishahara. Utakuja ulale na mimi Burma chini ya meza, na Barasa ukutani kwa ndoano." Tukacheka mbele ya ofisi ya chifu mpaka askari akatutazama. Ndani alieleza kila kitu bila kupunguza, na mkono wake ulikuwa umeshika wangu chini ya meza, baridi kama matumbo ya asubuhi. Chifu alisikiliza, akasema atapiga simu makumbusho, na hakusema lolote zaidi. Ofisi huwa hivyo: unapeleka jambo linalokunyima usingizi, nao wanakushukuru.

Aliyekuja alikuwa kijana wa pwani, Bwana Athmani, mwembamba, mwenye shati jeupe na Kiswahili kilichonyooka kama mtaro wa Shikuku. Sasa hapa ndipo dhahabu ya akina Kamau ilipozaliwa. Bwana Athmani hakuijua njia, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, aliuliza. Aliuliza kwa Njeri wa kioski, akauliza kwa kinyozi, akauliza penye foleni ya maji, na kila mahali alisema vilevile: "Samahani ndugu zangu, ni ploti ipi ilikopatikana mali ya kale?" Kwake yeye na vitabu vyake, mali ya kale ni vitu vya watu wa zamani, hata kiwe kigae. Kwa watu wa foleni ya maji, mali ni mali. Alipofika langoni kwetu alikuwa amefuatwa na umati, na yeye alidhani Kayole wanapenda historia. Alilitazama bakuli kwa muda mrefu, akaligeuza, akanusa. "Mama, hili linanukia njugu." Nikamwambia ndiyo, za jana. Alifumba macho kidogo, kisha akacheka na kuandika. Akaeleza kwamba bakuli ni la serikali kwa niaba ya wananchi wote, na kwamba mjengo usimame mpaka amalize kuuchunguza mtaro. Akafunga uzi kuzunguka. Mama Gathoni akauliza lile swali moja. "Na ploti?" Bwana Athmani angeweza kumpa jibu tamu. Alisema, "Hilo, mama, sina mamlaka nalo. Kama patakuwa pamejaa vitu, wakubwa wataamua. Nitarudi na jibu." Akaondoka na bakuli limefungwa kwenye blanketi la Dorka, na Mama Gathoni akabaki ameushika ule uzi kwa vidole viwili, kama anataka kujua una nguvu gani.

Asubuhi iliyofuata walikuja. Kwanza wawili na jembe moja, kisha kundi, na kina mama wengine wamebeba karai. Mali iko wapi? Wanaume wetu walikuwa kazini. Mama Gathoni hakupiga kelele. Aliingia kwenye mtaro, akaketi chini kwenye udongo, akanyoosha miguu. Dorka akamfuata na beseni la nguo zake, akaanza kufua humo humo. Veronika akateremsha kigoda na nguo ya kupindia. Mimi nikashusha jiko la makaa na sufuria ya githeri, na mtaro wote ukawa jikoni. Mwanamume mmoja, Kariuki wa changarawe, akasimama ukingoni. "Mama Gathoni, tuonyeshe tu mali ilipo." "Iko hapa nilipokalia," akasema. "Ninyanyue." Watu wakamtazama ukubwa wake, wakacheka, na Kariuki akacheka pia. Veronika akajaribu kuwaelewesha kwamba mali ya kale ni vitu vya wazee wa zamani tu. "Wazee gani hao ambao hawakuwa na mali?" Kariuki akauliza. Mara tukamwona Shikuku anakuja na sururu begani, na mimi roho ikanishuka, kwa sababu alikuwa hajatusemesha tangu siku ya Bwana Reuben. Alipita katikati ya watu, akaruka ndani, akasimamisha sururu mbele yake. "Huu mtaro ni kazi yangu," aliwaambia. "Tazameni huo ukuta ulivyonyooka. Mtu akiniharibia ukuta nitamlaza ndani niufukie." Kisha akaketi karibu na jiko langu, akaniuliza kama githeri imeiva. Walikaa wakitutazama mpaka mchana, na kwa kuwa walikuwa na njaa na chakula kilikuwa mtaroni, wengi waliishia kununua. Sijawahi kuuza githeri kama siku ile.

Bwana Athmani aliporudi alikuta mtaro wake mzima, ila majivu kidogo na povu la sabuni. Alifanya kazi ya kuudhi kutazama, kijiko na brashi, siku baada ya siku, na Shikuku alikaa ukingoni akisema kwa mwendo huo choo kingekuwa cha wajukuu. Alipata vigae, makaa ya kale, na vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa. Mchana alikula na sisi. Kwa watu kama sisi, wa kuja Nairobi kutoka kila upande, ilikuwa ajabu kusikia kwamba pale Kayole palikuwa na wafugaji na mapishi yao kabla babu wa yeyote kati yetu hajazaliwa, na kwamba hakuna anayeweza kusema walikuwa wa kabila gani. Mzee Absalomu alilipenda hilo kuliko lolote. "Kwa hiyo wote ni wapangaji," alisema. Nimewaza tangu wakati ule kama ni haki, mtu achimbe kwake kwa jasho lake, na kinachotoka kiende. Mama Gathoni hakupewa kitu ila asante na chai, na chai yenyewe aliinunua yeye. Watu wengine wangesema alidhulumiwa. Lakini najua lile bakuli lingeondoka na Bwana Reuben lingekuwa juu ya meza ya mtu ng'ambo, likiwekewa matunda, na yule aliyelifunika likauke angekuwa ameibiwa mara ya mwisho. Kati ya kumilikiwa na mmoja na kumilikiwa na wote, naona yule mwanamke wa bakuli mwenyewe angechagua wote. Pengine najidanganya. Mtu hawezi kumuuliza.

Mvua zilikuwa zimekaribia, na kila wingu lilipopanda Mama Gathoni alitoka kulitazama. Alikuwa ameacha kwenda Burma. Alipika, akamwaga, akafagia uwanja uliokuwa umefagiliwa. Nilimsikia kupitia mabati ya Veronika akimwambia Gathoni, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa shule, wapi pa kwenda kama atarudi siku moja na kukuta lango limefungwa. Alimwambia polepole, kama anamfundisha hesabu.

Bwana Athmani alifika asubuhi, hana mfuko, na umati wa siku zile ulikuwa umekusanyika tena barabarani kwa sababu mtu alikuwa amemwona akishuka. Aliinama, akaukata ule uzi, akaanza kuuviringa mkononi. Mama Gathoni alisimama mbele yake amevaa aproni. "Wamesema nini?" "Tumemaliza, mama. Vilivyokuwepo tumevitoa. Endelea na ujenzi wako." "Na ploti?" "Ploti ni yako." Mama Gathoni akageuka, akawatazama watu wote waliokuwa barabarani, Njeri wa kioski, kinyozi, Kariuki na karai lake. "Sema kwa sauti, mwanangu. Kile Kiswahili chako cha kunyooka." Bwana Athmani akakohoa, akawageukia, akasema, "Ploti hii ni ya Mama Gathoni, na hakuna atakayeichukua." "Tena." Akasema tena. Watu wa nyuma wakauliza amesema nini, naye akawarudia bila kuambiwa, kwa sauti kubwa zaidi, uso umemwiva kwa haya. Mama Gathoni alisikiliza mpaka neno la mwisho, akapangusa uso kwa ncha ya aproni, akamgeukia Shikuku aliyekuwa amesimama mtaroni, mdomo wazi.

"Wewe nawe," akamwambia, "umesimama unangoja nini? Chimba."